Asiyejulikana wa Msumari wa Kumi

Mimi sipendi takataka. Mke wangu anasema hata usingizini nafagia, na hapo anatia chumvi kidogo tu. Ndiyo kazi inayonilisha: natunza kompyuta za karakana ya miguu ya bandia, na kwa kuwa watu wa karakana hawana subira na majina marefu, wote wananiita Kompyuta. Kompyuta, printa imegoma. Kompyuta, njoo uone, skrini imegeuka buluu. Siku moja binti yangu alipiga simu mapokezi akaomba kuongea na Baba Kompyuta, na dada wa mapokezi alicheka mpaka akashindwa kuiunganisha simu.

Asiyeniita hivyo alikuwa mmoja tu, Shangazi wa jikoni. Si shangazi yangu wa damu. Ni shangazi wa karakana nzima, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini. Mimi ananiita "mwanangu". Kila siku saa nne alikuwa ananiletea chai mezani, na kila siku kikombe kilifika nusu. Si robo tatu, nusu.

"Shangazi, hii chai imefunga breki njiani?"

"Kunywa hiyo kwanza, mwanangu. Ukimaliza njoo jikoni nikuongeze."

Sikwenda hata siku moja, kwa ukaidi tu. Badala yake nilimtangaza kila ofisi kwamba ana mkono wa birika, na kwa bahati mbaya birika lenyewe tumemkabidhi yeye. Watu walivunjika mbavu. Yeye alicheka kuliko wote.

Ugomvi wetu wa kweli ulikuwa wa vikombe. Ukutani jikoni kuna mbao mbili za misumari, moja juu, moja chini, na kila mfanyakazi ana msumari wake. Anayeajiriwa anapewa msumari unaofuata, hakuna kuchagua. Akiacha kazi, kikombe chake kinabaki pale pale mpaka aje mwenyewe kukichukua. Kwa hiyo katika vikombe thelathini na kimoja, kumi na tisa havina watu. Changu kiko msumari wa ishirini na saba, chini, karibu na sinki, kinarushiwa maji ya masufuria kutwa nzima. Kikombe cha msumari wa kumi na nne kimekaa dirishani kinaota jua, na mwenyewe amehamia nchi nyingine.

"Shangazi, huyu harudi. Tukitoe."

"Na akija?"

"Haji!"

"Basi akija atakikuta," alisema, akakifuta vumbi, akakirudisha mahali pake.

Kichwa kigumu namna hiyo sijapata kukiona, na nilimpenda hivyo hivyo.

Takataka zangu mimi zilikuwa ndani ya seva. Kila mguu unaotengenezwa kwetu una folda yake: vipimo, picha, na umbo la kigutu lililochukuliwa na mashine. Folda zimegawanywa Kulia na Kushoto, kama miguu yenyewe, na kila folda ina orodha ya ruhusa inayosema nani anaweza kuifungua. Ila kompyuta haimjui mtu kwa jina. Siku unapofunguliwa akaunti inakupa namba ndefu, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye orodha. Jina inakuonyesha tu ili usichanganyikiwe. Akaunti ikifutwa, jina linakwenda, namba inabaki. Ukiifungua orodha unakuta maneno "Akaunti isiyojulikana" na mkia wa tarakimu. Haimfungulii mtu chochote tena. Imekaa tu.

Sisi tulikuwa nazo mia tatu na kitu. Meneja aliniambia wakaguzi wa mfumo wanakuja Jumatatu. "Sitaki wamkute asiyejulikana hata mmoja," alisema, na sijawahi kupokea amri kwa furaha kama ile. Jumatano nilifagia upande wote wa Kulia, namba mia moja arobaini na tatu, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Upande wa Kushoto niliuwekea Alhamisi.

Alhamisi asubuhi, kidole kikiwa juu ya kitufe, aliingia Plasta. Huyu ni fundi mkuu wetu. Jina alilipata kwa sababu hata kwenye picha za harusi yake ana plasta chini ya kucha. Siku hiyo alikuwa amenywea.

"Kompyuta, niokoe. Mwalimu amerudi tena."

Mwalimu tulimjua sote. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti miaka kumi na miwili iliyopita, na mguu wa bandia aliotengenezewa kwetu ulimbeba miaka yote hiyo mpaka mwezi uliopita, ulipopasuka. Plasta alimpima upya, akalinganisha na umbo lililomo kwenye faili, akamtengenezea mwingine. Ukamchubua. Akaurekebisha, ukamchubua. Akatengeneza wa pili, mambo yakawa yale yale. Sasa darasa la Mwalimu liko ghorofani, shule ilikuwa inafungua Jumatatu, na mkuu wa shule alishamwambia kwa upole kwamba asipoweza kupanda ngazi atakaa chini kwenye chumba cha vitabu, na darasa lake litapewa mtu mwingine.

"Hataki huruma, anataka mguu," Plasta alisema. "Yule aliyeutengeneza ule wa kwanza alifanya kitu kwa mkono baada ya mashine kumaliza, na hakukiandika. Na ulivyopasuka, umepasukia hapo hapo pa kuangalia. Nikimpata fundi yule, hata kwenye simu, nitajua."

"Alikuwa nani?"

"Ningejua ningekuja kwako? Mtunza stoo nimemwuliza. Anasema mafundi walikuwa wengi, yeye kazi yake ilikuwa kutoa plasta, sio kuandika nani anamtengenezea nani."

Kwamba jina la fundi halimo kwenye faili, hilo nililijua. Mwanzilishi wa karakana alichoshwa na mafundi waliokuwa wakigombea sifa, akaacha amri ambayo bado ilikuwa imebandikwa ukutani: mguu ni wa mgonjwa, fundi haandiki jina lake popote. Hata hivyo niliifungua folda ya Mwalimu. Mmiliki wa faili alikuwa mashine ya kupimia, kama mafaili mengine yote. Nikafungua orodha ya ruhusa. Kundi la mafundi, lenye ruhusa zote. Meneja. Na chini yao, akaunti isiyojulikana, namba inayoishia na 1131.

"Unauona upuuzi huu?" nilimwambia Plasta. "Kundi la mafundi lina ruhusa tayari. Mtu ana haja gani ya kujiongeza peke yake tena? Ziko kila folda. Jana nimefuta mia na arobaini."

Nilipogeuka nilimkuta amenikodolea macho.

"Umefuta?"

"Upande wa Kulia wote."

Alijiachia kwenye kiti bila kukiangalia. "Ndugu yangu," alisema, "zile ni sahihi zetu."

Ndipo akanitolea siri. Mafundi walikatazwa kuandika majina yao, lakini hakuna aliyewakataza kujipa ruhusa. Kwa hiyo fundi akimaliza mguu, mgonjwa akatoka mlangoni anatembea, fundi alikuwa anarudi kwenye kompyuta na kujiongeza kwenye orodha ile ambayo hakuna mtu anayeifungua. Ruhusa yenyewe hakuihitaji. Alitaka tu mahali fulani ionekane kwamba mguu ule ni kazi ya mikono yake. Plasta alifundishwa hivyo na fundi aliyemkuta, na huyo naye na aliyemtangulia. Mimi sikuambiwa, miaka minne nikiitunza seva ile, kwa sababu waliogopa kwamba nikijua nitafuta.

Nililimeza hilo shingo upande, maana lilikuwa kweli.

"Haya, tusilie," nilisema. "Nakala ya akiba ya Jumanne ninayo, za Kulia nitazirudisha. Tumtafute huyu. Namba hizi zinatoka kwa mfululizo, kama foleni. Mtunza stoo ni 1128. Dereva ni 1134. Hapo kati kuna kompyuta kadhaa, maana mashine nazo zinakula namba. Lakini mtu wetu aliajiriwa baada ya mtunza stoo na kabla ya dereva."

"Kuna orodha ya ajira?"

Ilikuwepo, ya karatasi, mpaka bomba la ghorofa ya juu lilipopasuka likaimaliza. Sikumbuki nani alisimama kwanza. Karakana nzima ilikuwa imebakiwa na orodha moja tu ya watu kwa mfuatano wa kuajiriwa, na mimi ndiye niliyekuwa napigania ivunjwe.

Jikoni, Shangazi alikuwa anasuuza vikombe. Tulihesabu kwa kidole. Msumari wa tisa, kikombe kipana chenye ufa, cha mtunza stoo. Wa kumi na moja, kikombe chenye picha ya lori, cha dereva. Katikati yao, msumari wa kumi, kikombe cha bati chenye maua ya buluu, mdomo wake umepauka kwa kutumika. Kilikuwa bado kinadondosha maji.

"Shangazi, hiki cha nani?"

"Changu."

"Sasa hivi ni chako, naona. Kabla yako kilikuwa cha nani?"

"Mwanangu, hicho ni changu tangu siku ya kwanza. Na msumari wenyewe nimeupigilia mimi. Yote hiyo nimeipigilia mimi. Nyundo ilikuwa yangu, ya wenzangu ilikuwa ya kuazima tu."

Plasta alikuwa mwepesi kuliko mimi. "Shangazi," alisema polepole, "ulikuwa kwenye benchi la mafundi?"

Alijifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja baada ya kingine. "Miaka kumi na sita. Miguu ya kushoto zaidi. Ya kulia sikuwahi kuelewana nayo sana."

Nadhani alinionea huruma, kwa sababu alinyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu ili nione. Vidole vilianza kutetemeka, kisha kiganja, kisha mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Ulimwanza miaka mitano iliyopita, alisema. Meneja wa wakati ule hakutaka kumpoteza, akampa jikoni. Yeye aliomba kitu kimoja tu, wenzake wa benchi wasimwongelee habari hizo, na wale wachache waliobaki walimtunzia mdomo, mtunza stoo akiwa wa kwanza.

"Kwa hiyo chai..." nilianza.

"Kikijaa kinamwagika njiani," alisema. "Nusu inafika."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka minne ya mkono wa birika. Na hapo hapo nikaikumbuka wiki yangu ya kwanza kazini, nilipopewa karatasi ya akaunti ambazo hazijatumika muda mrefu. Nilizifuta zote asubuhi moja, majina sikuyasoma hata, nikajiona mchapakazi. Saa nne nikaletewa chai. Mama aliyeniletea nilikuwa nimetoka kumfuta.

"Nisamehe, Shangazi."

"Kwa lipi? Kwa birika? Lile nililipenda, nilimpigia dada yangu simu nikamsimulia." Alitutazama kwa zamu. "Semeni, nani amekwama?"

Plasta alimwambia ni Mwalimu, mguu wa kushoto, chini ya goti.

"Yule mwenye kigutu cha hasira?" Tayari alikuwa anavua aproni.

Mwalimu alikuwa ameketi chumba cha kupimia, mguu mpya ameuweka kando kama mtu aliyegombana nao. Alipomwona Shangazi mlangoni alisimama kwa mguu mmoja, ameshika kiti.

"Wewe! Nimemwulizia yule mama fundi mapokezi mara mbili, naambiwa hapa hakuna fundi mwanamke!"

"Hawakukudanganya, hayupo," Shangazi alisema. "Kaa chini usije ukaanguka ukanitia kesini."

Mimi na Plasta tuliangalia sakafu. Tangu asubuhi tulikuwa tunamtafuta fundi wa zamani, Mwalimu mwenyewe hatukumwuliza, na wote wawili tulikuwa tunamwona mzee wa kiume mwenye masharubu.

Shangazi alipiga magoti, akafumba macho, akakizungushia kigutu viganja vyake viwili. Mikono ilitetemeka, halafu ilipopata pa kuegemea ikapungua. Alikaa hivyo kwa muda, kidole gumba kinatambaa taratibu pembeni ya mfupa.

"Bado upo," alisema. "Kuna mshipa hapa umejificha. Mashine inapiga picha ya ngozi, haijui chini kuna nini. Akiwa amekaa, ukiubana hausemi kitu. Akipanda ngazi unapiga kelele."

"Unapiga kelele kwelikweli," Mwalimu alisema, na machozi yakamtoka bila yeye kuyajali.

"Plasta, shika penseli. Nikichora mimi tutapata njia za siafu. Anzia hapa, pita hapa, ishia hapa. Sehemu hiyo uitoe nje unene wa kucha ya kidole gumba. Hapo juu yake usiguse kabisa."

Walifanya kazi siku ile na Ijumaa yote. Plasta alishika mashine ya upepo wa moto inayolainisha ganda la mguu, Shangazi alishika kola ya Plasta. "Usilisukume ganda kama mlango uliokwama. Libembeleze. Tena. Hujambembeleza mtu wewe?" Mimi nilipata visingizio vya kupita pale mara nyingi kuliko kazi ya kompyuta inavyohitaji. Ijumaa alasiri Mwalimu alivaa mguu akaenda kwenye ngazi yetu ya mazoezi, ile ya mbao, vidato vinne vya kupanda na vinne vya kushuka. Mara ya kwanza alikamata bomba la pembeni kwa mikono yote miwili. Mara ya tano aliliachia. Mara ya kumi na moja Plasta alimwomba apumzike, naye akamwambia apumzike yeye.

Kati ya hayo nilirudisha namba zote za Kulia kutoka kwenye nakala ya Jumanne. Kisha nilichukua daftari, nikaenda jikoni, nikamwomba Shangazi anipitishe msumari kwa msumari. Hiki cha nani, alikuja kabla ya nani, alifanya kazi gani. Alikuwa anakishusha kila kikombe kabla ya kumtaja mwenyewe. Huyu alikuwa bingwa wa magoti. Huyu alikuwa anasinzia benchini lakini miguu yake haikuwahi kurudishwa. Huyu alimwoa mgonjwa wake, na mguu alimtengenezea bure tangu hapo. Tulipofika mwisho nilikuwa na mafundi kumi na mmoja, kila mmoja na namba yake, na hakukuwa tena na asiyejulikana hata mmoja ndani ya seva.

Nilimpelekea meneja daftari. Alisoma, akakuna kichwa, akasoma tena, akauliza mara mbili kama kweli Shangazi ndiye aliyemsimamia Plasta. Halafu alikwenda mwenyewe ukutani akaibandua ile amri ya mwanzilishi. Jumamosi mimi na Plasta tuliandika jina la fundi kwenye kila faili, wazi, mahali pa kusomeka. Baada ya hapo niliziondoa zile namba, maana sasa hazikuwa zimebeba kitu. Niliziondoa fundi kwa fundi, na kila mmoja nilimtaja kwa sauti, jambo ambalo Plasta alilicheka kisha akaanza kulifanya na yeye.

Kabla sijazigusa namba za Shangazi, nilimfungulia akaunti mpya. Meneja alikuwa ameshaamua kwamba asubuhi atakaa benchi awafundishe mafundi, na jikoni tutapokezana. Alivuta kiti akaketi kando yangu, akaangalia skrini ikimpa namba: mkia wake ulikuwa 1389.

"Ile ya zamani je?"

"Hairudi, Shangazi. Hata nikiandika jina lako vilevile, herufi kwa herufi, kompyuta inakuona mtu mpya."

Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya meza, na safari hii hakuuficha.

"Basi ile ya zamani iache kwenye mguu wa Mwalimu," alisema. "Yule wa namba ile mikono yake ilikuwa imetulia. Muache akae hapo."

Nikamwacha.

Jumatatu mkaguzi alikuja na kompyuta yake ndogo, akachambua seva kuanzia saa mbili. Saa nne kasorobo aliniita. "Umesafisha vizuri sana, ila kuna huyu mmoja. Folda za kushoto, 1131. Ni nani?"

"Namjua," nilimjibu.

"Mfumo haumjui."

"Mimi namjua. Andika tu."

Aliandika: kasoro moja. Meneja alinitazama kwa pembe ya jicho, lakini kabla hajafungua mdomo dada wa mapokezi alifungua mlango bila kubisha hodi.

"Mwalimu amepiga simu," alisema, anahema. "Amesema aambiwe Shangazi: ngazi ishirini na mbili, bila kushika ukuta. Amesema watoto walimpigia makofi, akawaambia wakae chini wafungue madaftari."

Nilikwenda kumpelekea mwenyewe habari hizo. Alikuwa jikoni, ametoka benchi kupika chai ya saa nne, na aliponisikia aliweka birika chini, akajishika kiuno, akacheka mpaka akalazimika kuketi. Baadaye alisimama, akakitoa kikombe changu kwenye msumari wa ishirini na saba, akakisuuza, akamimina nusu, akanipa. Niliinywa pale pale nimesimama, kisha nikamnyooshea kikombe aniongeze.